Kisanduku Kilichonusa Pumzi ya Mjomba

Dar es Salaam
7 Agosti 1994

Mjomba wangu Selestini,

Shikamoo. Barua hii nampa Agnes, yule binti wa jirani zetu wa hapo Chilangala anayeuza mitumba huku mjini. Amesema atakukabidhi mkononi, na nimemwonya asiipitishe kwanza kwa watu wa kisimani. Mimi sijambo. Nimesikia Flora amejifungua salama Masasi na Mama Godwin amekwenda kumlea mzazi. Mwanao hongera, na wewe hongera ya kuwa babu. Basi najua ni nani anayekupikia sasa, ni mama yangu, na najua kila siku unalalamika kuhusu chumvi.

Mjomba, Agnes ameniambia mambo ambayo wewe hukuniandikia. Ameniambia unaamka umekunja mgongo, na kwamba mwezi wa sita ulitapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa. Nilikasirika, halafu nikaogopa. Wewe ndiye uliyenisomesha, sina mwingine wa akiba.

Unajua kazi yangu, ninajaza fomu na kuosha chupa kwenye mradi wa utafiti wa magonjwa ya tumbo. Siku hizi madaktari wanasema vidonda vingi vya tumbo haviletwi na pilipili wala mawazo. Vinaletwa na vijidudu vinavyoishi humo tumboni miaka na miaka. Zamani ili kuviona ilibidi upitishiwe mpira kooni mpaka chini, na najua wewe mpira huo usingeukubali. Sasa wageni wameleta kisanduku. Unakunywa maji yaliyotiwa unga fulani. Wadudu wakiwamo wanaula ule unga na kutoa hewa kali, ile inayochoma pua kwenye mkojo uliolala. Hewa hiyo inapanda pamoja na pumzi. Unapuliza kwenye bomba, na ndani ya kisanduku kuna kipande cha madini kidogo kuliko punje ya mtama ambacho kinainusa, na mshale unapanda. Hakuna sindano wala kisu.

Tutakuwa Masasi mwezi wa tisa. Njoo Jumanne tarehe 20, usile kitu tangu jioni ya Jumatatu. Tafadhali, mjomba, njoo.

Mpwa wako,
Oliva


Chilangala
28 Agosti 1994

Mpwa wangu Oliva,

Marahaba. Agnes amefika, na barua ilikuwa haijafunguliwa, au imefunguliwa na fundi. Huku hatujambo. Mikorosho imetoa maua, salfa tulipiga kwa wakati, na maji tunayafuata bondeni kama tulivyozaliwa tukifanya. Mama yako mzima, na chumvi yake nzima.

Sasa huyo mnyama wenu wa kunusa. Nimecheka mpaka tumbo lenyewe likanikanya. Mtu nimefika miaka hamsini na minane, watoto wanane nimewazika watatu, leo ninuswe na sanduku! Je, likizimia, nani atalipepea?

Lakini nitakuja. Unanijua, nimekuwa karani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi miaka kumi na tisa, na hakuna mkulima aliyeniambia nimemwibia hata kilo. Siku hizi za biashara ya ruksa kila mnunuzi anakuja na mizani yake, na kila mizani ina dini yake. Mimi kitu kinachopima bila kujua hili ni gunia la nani nakiheshimu.

Pia kuna jambo jingine. Mjomba wako mdogo, Gervas, anasema hili si tumbo. Anasema ni mkono wa mtu. Hakutaja nani, nami sikumuuliza. Kwa sababu kelele zilizidi nimekubaliana naye mbele ya watu hivi: mashine ikisema ni ugonjwa, ni ugonjwa, na yeye afunge mdomo. Ikisema hakuna kitu, nami nitakaa nimsikilize.

Usiwe na wasiwasi, sitakuaibisha mbele ya wakubwa zako. Nitajitayarisha.

Mjomba wako,
Selestini


Dar es Salaam
9 Oktoba 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tulifika salama baada ya siku tatu. Pale Rufiji tulilala kwenye gari tukingoja kivuko, na mbu walitufaidi. Flora nilipita kumwona, mtoto ana masikio yako. Kwa nini mama hakuja nawe Masasi? Nilimwekea kanga, nikakupa wewe. Natumaini ameipenda.

Bado nacheka nikikumbuka ulivyoingia. Suti ya kaunda ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, unanukia sabuni na majani ya mpera. Sultani, mwenzangu anayeendesha mashine, aliniuliza kwa kunong'ona, "Huyu mzee amekuja kupimwa au kuposa?" Nilijisikia fahari sana. Fomu niliijaza mwenyewe pale pembeni, kama ulivyoona, nisikuchoshe.

Majibu yametoka. Mshale haukupanda. Dakika kumi, dakika ishirini, ulilala pale pale. Wadudu hao huna. Uko safi, mjomba.

Najua mlivyokubaliana na Mjomba Gervas, kwa hiyo naomba mlisome na hili. Kukosekana kwa wadudu hawa si kwamba hakuna ugonjwa. Yako magonjwa mengi ya tumbo ambayo kisanduku hiki hakiyajui hata jina. Maumivu yakiendelea, nenda hospitali upimwe kwa njia nyingine, mpira huo huo ukibidi. Tena kisanduku chenyewe bado kinajaribiwa.

Nisalimie mama. Mwambie aniandikie hata mistari miwili, Agnes anaweza kumshikia kalamu.

Oliva


Chilangala
13 Novemba 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua ilifika, nimeshukuru. Gervas aliisoma mbele ya watu. Korosho tunaendelea kuokota. Wanunuzi watatu wamepita, mmoja wao anatumia mizani ya kupimia watoto wachanga.

Tumbo lipo. Lilipumzika mwezi wa tisa lote, nikadhani limechoka nami, kisha limerudi na nduguze. Mama Godwin amesharudi kutoka Masasi, sasa ndiye anayepika.

Mama yako hajambo. Yuko safarini kidogo.

Selestini


Dar es Salaam
29 Desemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nakutakia mwaka mpya mwema, wewe na Mama Godwin na wote. Mvua hapa ni kubwa, na wanasema barabara ya kusini inakatika wiki hii, kwa hiyo sijui barua hii itakuta mwaka gani.

Safari ya mama ni ya kwenda wapi? Mama yangu ana miaka hamsini na tatu, na safari ndefu kuliko zote aliyowahi kufanya ni Mtwara, kwa jino. Nimemwandikia barua mbili za Krismasi. Hakuna jibu. Jana nimemuuliza Agnes, akaanza kukunjua na kukunja sketi za watu mezani pake. Nikamwambia, "Agnes, nakuuliza habari za mama yangu." Akasema, "Mama Oliva yuko Makote, kwa bibi Maria. Tangu mwezi wa kumi. Mengine muulize mjomba wako."

Kwa hiyo nakuuliza. Kwa nini mama amehama nyumba aliyoijenga kwa korosho zake mwenyewe, akaenda kukaa kwa mama yake mdogo, kikongwe asiyeona? Nani amemwondoa? Naogopa kuandika ninachofikiri. Niambie nimekosea.

Oliva


Chilangala
22 Januari 1995

Mpwa wangu Oliva,

Marahaba. Hujakosea.

Nimeanza barua hii mara nne. Mama Godwin ameniambia, "Andika tu, karatasi haikupigi." Basi naandika.

Barua yako ya mwezi wa kumi Gervas aliisoma uani kwangu, watu wamejaa mpaka kwenye korosho zilizoanikwa. Aliisoma mpaka pale uliposema "Uko safi, mjomba." Hapo akaikunja. Akasema, "Mmesikia. Mashine ya Wazungu imemnusa mpaka ndani, haikukuta ugonjwa. Sasa nani aliyekuwa anampikia tangu mwezi wa sita alipoanza kutapika?" Hakuhitaji kutaja jina. Watu wote walimgeukia mama yako. Alikuwa amesimama na ungo mkononi. Alisema neno moja tu, aliniita jina langu, "Selestini," kama alivyokuwa akiniita tukiwa wadogo nikimkimbia njiani.

Mimi nilijua barua ina maneno mengine chini. Nilikuwa nimeisoma peke yangu siku mbili kabla. Sikumwambia Gervas aikunjue. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimetoa ahadi mbele ya watu, tumbo lilikuwa linanichoma, na moyoni, Oliva, nilikuwa nimeanza kuamini. Mtu anayeumwa miezi sita anaamini mengi. Kesho yake asubuhi mama yako akafunga vitu vyake, hakuna aliyemsindikiza.

Sasa naona haya, na faraja sina. Mama Godwin anapika miezi mitatu, na bado naumwa vile vile. Gervas anasema ni masalia. Juzi nimekwenda tena Newala mjini kwa Bwanali, yule aliyefungua duka la dawa karibu na stendi, nikanunua zile dawa za vidonge vya rangi mbili, kama nilizokunywa kabla ya kuja Masasi. Zinanituliza siku mbili tatu.

Usimwandikie Gervas. Atakujibu vibaya.

Mjomba wako,
Selestini


Dar es Salaam
2 Aprili 1995

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya Januari nimeipata jana. Ilizunguka mpaka Lindi, ikapanda meli, ikalala sijui wapi. Miezi miwili na zaidi mama amekaa Makote huku maneno yako yakilowa kwenye gunia la posta. Hii ninampa daktari wetu anayeruka kwa ndege kwenda Mtwara, isichelewe.

Nimesoma mstari mmoja mara ishirini. "Kama nilizokunywa kabla ya kuja Masasi."

Mjomba, ulikunywa rangi mbili kabla ya kupimwa? Siku ngapi? Daktari amenieleza tena leo asubuhi ili niwe na hakika, nami nakueleza polepole. Vidonge vile haviui wadudu wa tumbo wote, lakini vinawalaza. Wakilala, hawali unga. Wasipokula unga, hewa haitoki, na kisanduku hakina cha kunusa. Ndiyo maana tumbo lilipumzika mwezi wa tisa, kisha likarudi. Mtu akinywa dawa hizo anatakiwa angoje wiki nne ndipo apimwe. Najua ulifanya vile kwa sababu gani. Uliambiwa utanuswa, ukajisafisha ndani na nje, kama unavyofagia uani mgeni akija. Ulifanya kwa ajili yangu, nisiaibike.

Sasa ngoja nikuambie yangu, maana sitaki kosa lote ulibebe wewe. Kwenye ile fomu swali la nne linasema: "Je, katika wiki nne zilizopita umetumia dawa yoyote?" La tano linauliza pombe. Kazi yangu ni kuyauliza kwa mdomo, uso kwa uso. Nilimuuliza kila mtu aliyeingia siku ile. Ulipoingia wewe, na suti yako, nilishindwa. Toka nilipochezwa unyago nimefundishwa kwamba mjomba haulizwi alichotia kinywani. Nikasogea pembeni, nikaandika "Hapana" na "Hapana", nikapiga mstari chini. Hiyo niliiita heshima. Kwa zile "Hapana" mbili mama yangu ametolewa nyumbani kwake.

Nimemwambia mkuu wa mradi. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Kwenye fomu nimeondolewa, nimerudishwa kuosha chupa tu.

Naomba mambo mawili. Acha rangi mbili leo hii, hata kama tumbo litawaka. Mwisho wa mwezi wa tano mashine itakuwa Masasi tena, mwone Sultani, nimemwachia maneno. Ukitapika damu kabla ya hapo usingoje mtu, nenda hospitali hata kwa kubebwa. La pili, barua hii isomwe pale pale iliposomwa ile, mpaka chini kabisa, mama akiwepo.

Nakupenda, mjomba, na nimekukasirikia sana.

Oliva


Chilangala
18 Juni 1995

Mpwa wangu Oliva,

Marahaba. Mungu ni mwema, kwanza nikupe hilo. Nilivumilia wiki saba bila vidonge, na hizo wiki sitaki kuzieleza. Tarehe 30 Mei nilifika Masasi. Safari hii sikutafuna hata jani la mpera. Sultani aliniuliza maswali yote, la nne na la tano, akinitazama machoni, nami nikajibu, la pombe kwa aibu kidogo kwa sababu ya uraka. Nikapuliza. Oliva, ule mshale ulipanda mpaka Sultani akapiga mluzi. Nimekaa kwenye mizani maisha yangu yote, sijawahi kufurahia uzito namna ile. Wamenipa dawa za aina tatu, wiki mbili. Nimemaliza juzi. Nimekula kande jana, nikalala hadi alfajiri.

Na la pili nimelishughulikia. Niliita watu uani, nikawaambia ile mashine ya mwaka jana ilikuwa mbovu, imetengenezwa, sasa imesema ni ugonjwa. Gervas alinung'unika, lakini alikubali. Alisema, "Basi kama kifaa kilikuwa kibovu, nani alaumiwe?" Tumemtuma mtu Makote amwambie mama yako anaweza kurudi.

Barua yako sikuisoma pale. Ina mambo ya ndani mno, na wewe mwenyewe umejiandika vibaya humo. Nilidhani nakuhifadhi.

Mama yako hajarudi. Aliyetumwa anasema mama yako alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ameshakula, akampa chakula, kisha akaendelea kumenya muhogo.

Nilidhani utafurahi.

Selestini


Dar es Salaam
9 Julai 1995

Mjomba,

Shikamoo. Kupona kwako nilikusoma nikalia mbele ya wenzangu. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru na Sultani, nimemnunulia soda.

Lakini mashine haikuwa mbovu. Mwaka jana ilinusa ilichokikuta, na mwaka huu vile vile. Waliokosea ni watatu: mimi niliyeandika nisichouliza, wewe uliyejua barua ina maneno chini ukanyamaza, na Gervas aliyeikunja. Ukisema kilikosea kifaa, mama anakuwa mtu aliyeokoka kwa bahati, ambaye siku kifaa kikiharibika tena atafukuzwa tena. Mwaka kesho ng'ombe wa mtu atakufa, au mtoto, na watamkumbuka.

Mimi usinihifadhi. Nisome mbele ya watu wote jinsi nilivyo. Nimeomba likizo mwezi wa kumi, nitakuja kumchukua mama nikae naye hapa, chumba kimoja kinatutosha.

Sijawahi kukuandikia hivi. Najua mpwa haamuru. Hili siwezi kuliomba kwa upole, nimejaribu.

Oliva


Chilangala
3 Septemba 1995

Mpwa wangu Oliva,

Marahaba. Barua yako nilikaa nayo wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Ya pili nilikuwa na hasira na Gervas. Ya tatu walikuwa wameisha watu.

Jumapili baada ya misa niliwaita uani. Sikumpa mtu karatasi. Nilisimama mwenyewe, nikavaa miwani, nikasoma barua yako ya mwezi wa nne yote, na ile ya Oktoba, sehemu ya chini ambayo haikusomwa. Nilipofika kwenye zile "Hapana" mbili, wanawake waliguna. Nilipofika kwangu, kwamba nilikuwa nimeyasoma maneno yale nikanyamaza, hakuna aliyeguna. Gervas aliondoka kabla sijamaliza. Mpaka leo anapita njia ya shambani asipite mlangoni kwangu. Bwanali naye amesikia, anasema namharibia biashara.

Mama yako hakuwepo. Nilikuwa nimetuma neno, hakuja. Kwa hiyo Jumatatu nikapanda baiskeli mpaka Makote na barua zako zote mfukoni. Nilimkuta anapepeta. Nikamsomea zote, toka mwanzo, na ule uongo wangu wa safari nikamtajia. Bibi Maria alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasikiliza na macho yake yasiyoona. Nilipomaliza, mama yako alisema, "Oliva ameandika vizuri. Ana mwandiko mzuri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Asinichukue. Nikienda Dar watasema nimekimbia. Mwambie nyumba yangu iko Chilangala."

Nikamwambia, "Paulina, nisamehe. Mashine ile ilinichanganya."

Akaweka ungo chini. Akaniambia, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mimi sina ugomvi na mashine, Selestini. Mashine hainijui. Ilinusa siku moja. Wewe umekula mkononi mwangu tangu mama alipokufa, nikiwa na miaka tisa, nikisimama juu ya kinu kufikia chungu. Ulitaka nani aje akuambie mimi ni nani?"

Bibi Maria alisema tu, "Haya," kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Wiki iliyofuata amerudi. Hakuleta habari, tuliamka tukaona moshi jikoni kwake. Vitu alivibeba mwenyewe, na wanawake wawili wa Makote walimsaidia. Watu wanakwenda kumwamkia, wengine wanamletea maji, kila mtu ana haraka ya kuonekana mwema. Anawapokea. Mama Godwin anakwenda kusuka naye ukili jioni, wanacheka, nawasikia kutoka hapa. Mimi asubuhi namsalimu wa kwanza, mimi mkubwa wake. Anaitikia. Adabu hajaiacha. Baada ya kuitikia anaingia ndani.

Juzi nilikwenda Masasi kupimwa mara ya mwisho. Nilipuliza, mshale ukalala, na safari hii ni kulala kwa kweli, Sultani amehakikisha, nimekaa miezi miwili na nusu bila dawa yoyote. Daktari ameandika kwenye kadi kwamba nimepona. Njiani kote kwenye lori nilikuwa nimeishika kadi ile. Nilishuka, sikuingia kwangu, nikaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mama yako, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza niliyetaka kumwambia. Nikamsikia ndani anakohoa. Nikainua mkono nibishe hodi.

Nimerudi nyumbani, Oliva. Sijamwambia mpaka leo.

Mjomba wako,
Selestini